Kutoka Kibarua hadi Kondoo: Historia ya Alama za Nyota Mpaka Pwani ya Waswahili

Alama ya kwanza katika duara la nyota 12 haikuwa kondoo. Wababeli, ambao ndio waliolianzisha duara hilo, mahali pa kondoo walikuwa wamemweka mtu: kibarua wa shamba, mtu wa kukodiwa kwa ujira. Katika maandishi yao ya kikabari aliitwa LU.HUN.GA. Wataalamu wengi hueleza mageuzi yake hivi: silabi ya kwanza, "lu", iliyomaanisha mtu, ilikuwa na mwenzake wa sauti, alama nyingine ya kikabari iliyotamkwa vivyo hivyo na kutumika kuandika kondoo. Waandishi wenye haraka wakawa wanaandika ya pili badala ya ya kwanza. Karne zikapita, kibarua akasahaulika, kondoo akabaki, na leo watu waliozaliwa kati ya takriban tarehe 21 Machi na 20 Aprili huambiwa kwamba wana ujasiri na hasira za kondoo dume.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila tunapojadili maana ya alama za nyota, kwani wengi wetu tumezoea kudhani kuwa zilichorwa mbinguni tangu mwanzo na binadamu akazisoma tu. Itazame Hamali, yaani hiyo alama ya kondoo, usiku usio na mbalamwezi: utaona nyota mbili zinazong'aa kiasi na ya tatu hafifu, basi. Hakuna pembe, hakuna manyoya. Alama hizi zilitungwa na watu, zikahama kutoka nchi moja hadi nyingine, na kila mahali zilipotua zilibadilishwa umbo. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ilizipokea kwa namna yake, na ninaamini namna hiyo haijapewa uzito unaostahili. Lakini kwanza tuzifuate tangu kwao.

Chanzo chetu kikubwa kwa zama za mwanzo ni vibao vya udongo viitwavyo MUL.APIN, jina lililotokana na maneno yake ya kwanza. Nakala kongwe yenye tarehe ni ya mwaka 686 KK, ila elimu iliyomo ni ya zamani kuliko nakala yenyewe. Humo zimeorodheshwa nyota zilizo kwenye njia ya mwezi, na hazikuwa 12. Zilikuwa kama 17, pamoja na Mchungaji, Mzee na Mbayuwayu. Na orodha inaanzia wapi? Inaanzia kwenye Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho mkulima wa pwani anakijua kwa jina. Kwa Wababeli kilikuwa "Nyota" tu, bila kuhitaji sifa nyingine, kama vile hapakuwa na nyota za maana kuliko hizo.

Kupunguza hadi 12 kulifanyika mwishoni mwa karne ya 5 KK, na sababu yake ilikuwa ya kihesabu. Mwaka wao wa mahesabu ulikuwa na miezi 12 yenye siku 30 kila mmoja. Wakaigawa njia ya jua vivyo hivyo: sehemu 12, kila moja digrii 30. Nyota zenyewe hazikugawanyika sawasawa namna hiyo. Nge ni mkubwa, Kaa ni mdogo na hafifu. Haikujalisha. Tangu hapo buruji, yaani kila alama ya duara hilo, ikawa kipande cha anga kilichopimwa kwa hesabu, na kundi la nyota likabaki kuwa jina la kipande hicho. Mchungaji, Mzee na Mbayuwayu wakaachwa nje. Hati kongwe zaidi tulizo nazo za kupiga hesabu ya sayari kwa siku aliyozaliwa mtoto ni za mwaka 410 KK, muda mfupi baada ya mgawanyo huo. Kabla yake mnajimu wa Babeli alikuwa akimtazamia mfalme na nchi: vita, mavuno, mafuriko. Mtoto wa mtu wa kawaida hakuwa na nyota yake.

Lakini baadhi ya alama zilikuwa kongwe sana kabla ya kupangwa kwenye duara. Mbuzi ni mmojawapo, na mwanzoni hakuwa mbuzi kamili. Kati ya karne ya 14 na ya 12 KK, zama za utawala wa Wakasi, watu wa Mesopotamia walisimamisha mawe yaitwayo kudurru, yaliyorekodi ardhi ambayo mfalme amempa mtu. Juu ya mawe hayo zilichongwa alama za miungu ili wawe mashahidi na walinzi wa hati: mwezi mwandamo, jua, nyota ya Ishtar, nge, na kiumbe mwenye kichwa na miguu ya mbele ya mbuzi na mwili wa samaki. Huyo alikuwa mnyama wa Ea, mungu wa maji yaliyo chini ya ardhi na mwenye hekima. Wagiriki na Warumi walimrithi na mkia wake wa samaki, na wachoraji wa Ulaya wanamchora hivyo hadi leo. Waarabu wakamwita Jadi, mwanambuzi, na sisi tukasema Mbuzi. Mkia ukapotelea njiani.

Kibao kimoja cha udongo kutoka Uruk, cha zama za Waseleuki waliotawala baada ya Iskandar Mkuu, kinaonyesha jambo la kinyume. Kimechorwa kwa mistari myembamba iliyochimbwa kwenye udongo kabla haujakauka. Yuko mwanamke amesimama, ameshika suke la shayiri. Kibao kingine cha kundi hilo hilo kinaonyesha fahali, na karibu naye zile nyota saba za Kilimia na duara la mwezi. Ndani ya mwezi kuna mtu anapambana na simba. Mwanamke yule ndiye ambaye Ulaya ilimfanya Bikira. Lakini kwa Wababeli jina la buruji yake lilikuwa Mfuo, yaani mfuo wa shamba lililolimwa, na nyota yake kubwa ndiyo suke. Waarabu walikuwa na majina mawili, la bikira na la suke, Sumbula. Lililokita mizizi kwetu ni la suke: gazeti la Kiswahili linapomwambia msomaji wake kuwa nyota yake ni Mashuke, linakaribiana na kile kibao cha Uruk kuliko gazeti la London linavyokaribiana nacho. Mwanamke ametoweka, nafaka imebaki mkononi mwetu.

Wagiriki walipochukua elimu hii hawakuipokea yote kama ilivyokuwa. Mahali ambapo Wababeli waliona mizani, wao waliona magando ya nge aliyenyoosha mikono yake mbele. Mizani ilikuja kushinda, na inaelekea jua lenyewe lilisaidia, maana zamani zile lilipofika sehemu hiyo ya anga usiku na mchana vililingana. Ila magando hayakufa. Nyota mbili kubwa za Mizani bado zina majina ya Kiarabu, Zubenelgenubi na Zubeneschamali, yaani gando la kusini na gando la kaskazini. Kila anayezitaja anamrudishia nge kiungo alichonyang'anywa.

Ndipo akaja Klaudio Ptolemaio wa Aleksandria, karne ya 2 BK. Katika kitabu chake cha unajimu, Tetrabiblos, alitaka kila maana iwe na sababu ya kimaumbile. Kwa nini Simba ni nyumba ya jua, yaani buruji inayotawaliwa nalo? Kwa sababu, alisema, jua linapopita Simba ndipo joto linapokuwa kali kabisa. Jirani yake Kaa akapewa mwezi. Kwa nini Mbuzi na Ndoo ni nyumba za Zohali? Kwa sababu Zohali ni sayari ya baridi na iliyo mbali, na buruji hizo mbili ziko upande wa pili wa duara, wakati wa kipupwe kikali cha kaskazini. Kati ya ncha hizo mbili zikapangwa sayari nyingine kwa zamu, kila moja nyumba mbili: Utaridi kwa Mapacha na Mashuke, Zuhura kwa Ng'ombe na Mizani, Mirihi kwa Kondoo na Nge, Mshtarii kwa Samaki na Mshale. Mpango huo unavutia, na ndio unaotumika mpaka sasa kwa sayari saba za kale.

Lakini tuuangalie kutoka huku kwetu. Julai na Agosti, jua lipo Simba, na pwani ya Zanzibar na Mombasa iko kwenye ubaridi wa kusi; watu wanajifunika shuka alfajiri. Januari na Februari, jua lipo Mbuzi na Ndoo, nyumba za Zohali wa baridi, ndio kaskazi inavuma na joto linachoma. Maana ya alama hizi ilisukwa na hali ya hewa ya bahari ya Mediterania na ya Mesopotamia. Ukivuka ikweta, sababu aliyoitegemea Ptolemaio inageuka juu chini. Sijaona wengi wanaolizungumzia hili, nami nadhani ni swali la kwanza ambalo mwanafunzi wa falaki wa huku angepaswa kuliuliza, maana jibu lake linatueleza kwa nini elimu hii ilichukua umbo jingine ilipofika kwetu.

Nje ya vitabu, alama zilisafiri kwa mikono ya mafundi. Misri waliichora duara yote kwenye dari ya hekalu la Hathor huko Dendera, katika karne ya 1 KK. Wafaransa wakaikata dari hiyo mwaka 1821 na kuipeleka Paris, na sasa iko Louvre. Palestina nako, katika masinagogi ya karne ya 4 hadi ya 6 BK, wakaitandaza sakafuni kwa vijiwe vya rangi, jua likiwa katikati juu ya gari la farasi. Katika sinagogi la Hammath Tiberia, karibu na Ziwa la Galilaya, kuna jambo dogo linalonigusa: kwenye alama ya Ndoo, jina la Kiebrania limeandikwa kinyumenyume, kama linavyoonekana kwenye kioo. Inaelekea fundi aliyepanga vijiwe hakujua kusoma Kiebrania. Alinakili umbo la herufi kutoka kwenye kielelezo, akaligeuza, na hakuna aliyemsahihisha. Kule Beth Alpha, karne mbili baadaye, majira manne ya mwaka yaliyochorwa kwenye pembe hayalingani na buruji zilizo karibu nayo. Watu waliendelea kuipenda picha hata pale hesabu yake ilipokwisha kuwatoka.

Mwaka 762 khalifa al-Mansur alipoanza kuujenga mji wa Baghdad, siku ya kuweka msingi ilichaguliwa na wanajimu, miongoni mwao Nawbakht na Mashallah. Tangu hapo, kwa karne kadhaa, lugha kubwa ya elimu ya nyota ikawa Kiarabu. Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliandika utangulizi mkubwa uliofasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya nzima. Abd al-Rahman al-Sufi, mwaka 964, alikamilisha kitabu chake cha nyota zisizohama, na humo kila kundi la nyota alilichora mara mbili: kama linavyoonekana ukiwa ardhini, na kama linavyoonekana kwenye tufe ukilitazama kutoka nje. Ni uangalifu wa mtu aliyejua kwamba picha moja inaweza kumpotosha msomaji wake.

Hapo tena alama zikavaa nguo mpya. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina chombo cha shaba kilichotiwa nakshi ya fedha, kiitwacho Vaso Vescovali, kilichotengenezwa Khurasani karibu na mwaka 1200. Ubavuni pake kuna miduara 12, kila mmoja una buruji pamoja na sayari yake. Kifuniko kina sayari katika sura za watu, nazo ni nane. Saba ni zile za kale. Ya nane ni Jauzahari, joka lisiloonekana ambalo liliaminika kulimeza jua na mwezi wakati wa kupatwa. Katika sanaa hiyo Mshale huwa mpiga upinde mwenye mwili wa mnyama, ambaye amegeuka nyuma na kuulenga mkia wake mwenyewe, kwa kuwa mkia huo unaishia kwenye kichwa cha joka. Mgiriki asingemtambua. Kwa watu wa Khurasani ilikuwa kanuni ya elimu yao imechorwa wazi, kwamba kichwa na mkia wa joka vina mahali pao kwenye duara.

Alama iliyofika mbali kuliko zote ni simba mwenye jua mgongoni. Asili yake ni ile kanuni ya Ptolemaio, jua nyumbani kwake. Sultani Kaykhusraw wa Pili wa Waseljuki wa Anatolia aliipiga kwenye sarafu zake za fedha mwanzoni mwa miaka ya 1240. Mwanahistoria Bar Hebraeus anasimulia kuwa sultani alitaka kwanza kuiweka sura ya mkewe, binti wa kifalme wa Georgia, aliyempenda kupita kiasi. Washauri wakamshawishi aweke simba na jua juu yake, kana kwamba ni ishara ya nyota yake. Baadaye Uajemi ikaichukua, ikampa simba upanga, na ikabaki kwenye bendera ya Iran hadi Mapinduzi ya 1979. India nako mfalme Jahangir, kuanzia mwaka 1618, aliamuru sarafu zake zisiandikwe jina la mwezi kama desturi, bali zipigwe picha ya buruji ya mwezi huo: kondoo kwa Hamali, fahali kwa Thauri, na kuendelea. Afghanistan ilifanya majina haya kuwa majina ya miezi ya serikali. Ndiyo maana mapinduzi ya kikomunisti ya Aprili 1978 huko Kabul yanaitwa Mapinduzi ya Saur: yalitokea tarehe 7 ya mwezi wa Ng'ombe.

Zile alama ndogo za kalamu, zinazopendwa siku hizi kwenye mikufu na michoro ya mwilini, ni changa kuliko picha. Zilikomaa katika hati za Kigiriki za Bizanti, mikononi mwa waandishi waliohitaji kuandika majina hayo hayo mara mia kwenye jedwali moja. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea William Stearn alieleza kuwa alama za sayari zilianza kama herufi za mwanzo za majina ya Kigiriki zilizokatwa kwa mstari: za Kronos kwa Zohali, ya Zeus kwa Mshtarii. Msalaba ulio chini ya alama ya Zuhura uliongezwa baadaye Ulaya ya Kikristo. Hadithi maarufu kwamba alama ya Zuhura ni kioo cha mwanamke na ya Mirihi ni ngao na mkuki ni maelezo ya watu walioikuta alama tayari, wakaitafutia kisa. Katikati ya karne ya 18 Linnaeus alizichukua hizo mbili kuonyesha jinsia za mimea, na kutoka maandishi yake zikafika kwenye vitabu vya biolojia vya shule zote. Sayari mpya zilipogunduliwa mtindo uliendelea: Uranus ya mwaka 1781 ikapewa alama yenye H ya mgunduzi wake, Herschel, Pluto ya mwaka 1930 ikapewa P na L zilizounganishwa, herufi mbili za mwanzo wa jina lake na wakati huo huo za Percival Lowell, aliyeanzisha utafutaji wake.

Sasa pwani. Elimu ya falaki ilitufikia kwa lugha ya Kiarabu, kwa vitabu na kwa walimu waliovuka bahari kutoka Hadhramaut, Oman na kwingineko. Wanamaji nao walizijua nyota kwa kazi yao. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha mkubwa wa karne ya 15, alitunga shairi la uelekezi juu ya njia ya Sofala. Lakini buruji zilipotua kwetu hazikuja na picha. Hatukuzichora kwenye dari wala sakafuni. Milango ya Lamu na Zanzibar ina mayungiyungi, minyororo, samaki na aya, na haina duara la buruji. Zilikuja kama majina, Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu, na kila jina lilikuja na namba yake, tabia yake (moto, udongo, upepo au maji) na sayari yake.

Namna ya kumpatia mtu nyota yake ilikuwa ya herufi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi, kuanzia alifu yenye 1 hadi ghaini yenye 1,000. Mwalimu huchukua jina la mtu na jina la mama yake, huzijumlisha thamani za herufi, hutoa 12 mara nyingi iwezekanavyo, na salio ndilo nyota. Tumchukue Ali mwana wa Fatuma. Ali ni aini 70, lamu 30, ye 10: jumla 110. Fatuma kwa maandishi ya Kiarabu ni fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, na ile herufi ya mwisho ikihesabiwa kama he ni 5: jumla 135. Pamoja ni 245. Ukitoa 12 mara 20, inabaki 5, na ya tano ni Asadi. Ali ana nyota ya Simba, tabia yake moto. Mwalimu anayeihesabu ile herufi ya mwisho kama te, yenye 400, atapata jumla 640 na salio 4, na Ali atakuwa Kaa, nyota ya maji. Mabishano ya namna hii ni ya kitaalamu kabisa, na yanahitaji mtu anayejua tahajia na sarufi kabla ya kujua nyota.

Angalia kilichotokea. Katika njia hii tarehe ya kuzaliwa haina kazi, jua halina kazi, wala joto na baridi ya Ptolemaio. Buruji imekombolewa kutoka katika majira ya kaskazini, na ndiyo maana iliweza kuishi ng'ambo ya ikweta bila kugongana na hali ya hewa. Njia yenyewe haikubuniwa hapa. Imo katika kitabu kidogo kinachobeba jina la Abu Ma'shar, ambacho kimepigwa chapa mara nyingi Cairo na kusambaa katika nchi za Kiislamu. Lakini hapa ilikuta mahali panapoifaa, na naona hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kushika kwake. Na jina la mama ndilo lililochukuliwa, kwa kuwa umama haupingiki.

Kazi ya majira ilifanywa na vitu vingine. Kilimia huzama na jua wakati wa masika na kuibuka tena alfajiri mvua zikiwa zimekatika, na mkulima akajua la kufanya. Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliotoka Uajemi, ulihesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na wavuvi na manahodha wakapanga pepo kwa hesabu hiyo. Kwa Waajemi wenyewe Nairuzi ni siku jua linapoingia Hamali, mwezi Machi. Kwetu, kwa kuwa hesabu haikuongezwa siku ya mwaka mrefu, ilikuwa inasogea taratibu hadi ikajikuta Julai, na ndipo Makunduchi wanaposherehekea Mwaka Kogwa.

Ipo pia hesabu ya saa, ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaigusa bila kujua. Sayari saba hupangwa kuanzia iliyo mbali: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Kila saa hutawaliwa na moja kwa zamu. Saa moja asubuhi ya Jumamosi ni ya Zohali. Ukihesabu zamu saa 24, ile ya 25, ambayo ni saa moja asubuhi ya Jumapili, inaangukia Jua. Endelea hivyo na Jumatatu inapata Mwezi, Jumanne Mirihi, Jumatano Utaridi, Alhamisi Mshtarii, Ijumaa Zuhura. Mwalimu wa falaki anayechagua saa ya kufunga safari au ya kuandika kombe hutumia mpango huu, na kwa saa za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hana haja ya kubadilisha chochote.

Haya yote yalikuwa na wapinzani ndani ya Uislamu tangu zamani. Ibn Sina aliandika kuwapinga wanajimu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliueleza utabiri wa nyota kuwa ni elimu dhaifu kwa akili na yenye madhara kwa dola. Masheikh wengi wa pwani wamefuata msimamo huo: kuzijua nyota kwa ajili ya kibla, nyakati za sala na safari ni halali, kudai kujua ghaibu ni haramu. Sura ya 85 ya Kurani inaitwa al-Buruj, na mbingu inaapiwa humo kwa buruji zake, lakini hakuna aya inayompa mtu ruhusa ya kupiga ramli. Ubishi huo ni sehemu ya historia hii, na anayeandika juu ya falaki bila kuutaja anaiandika nusu.

Karne ya 20 ikaleta njia nyingine. Agosti 1930 gazeti la Sunday Express la London lilimwomba R. H. Naylor aandike utabiri wa mtoto mchanga wa kifalme, Margaret, na wasomaji wakaupenda kiasi cha makala za aina hiyo kuwa za kudumu. Gazeti haliwezi kumpigia kila msomaji hesabu yake, kwa hiyo likapatikana suluhisho la kugawa watu mafungu 12 kwa tarehe ya kuzaliwa. Mtindo huo ulienea duniani na ukafika kwenye magazeti ya Kiswahili, ambako ulivikwa majina yetu. Tanzania, jina lililotawala uwanja huu ni Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, ambaye utabiri wake ulifuatiliwa magazetini, redioni na kwenye televisheni na watu waliomwamini na wasiomwamini. Katika safu za aina hiyo Hamali mara nyingi huandikwa Punda, si Kondoo: baada ya kibarua na kondoo dume, buruji ile ya kwanza imepata mnyama wa tatu.

Hivyo Ali wetu, kama alizaliwa tarehe 10 Novemba, ana nyota mbili. Gazetini ni Nge, kwa sababu ya mahali jua lilipokuwa siku hiyo katika duara la sehemu 12 lililoanzishwa na Wababeli. Kwa mwalimu wa falaki ni Simba, kwa sababu ya herufi za jina lake na la mama yake. Wengi hawajui kuwa hizo ni elimu mbili tofauti zenye majina yaleyale, na husoma utabiri wa moja huku wamepewa nyota ya nyingine. Daftari za walimu wa zamani, zilizoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, zenye majedwali ya abjadi na miduara ya saa, bado zimo katika nyumba nyingi kuanzia Lamu hadi Kilwa, na nyingine zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar. Nyingi ya zile za majumbani hazijaorodheshwa, na zinaliwa na mchwa pamoja na majina ya walioziandika.